Alama ya Umma Hutungwa na Umma

(Mhadhara uliotolewa na wakili wa Mahakama Kuu mbele ya wanaharakati wa mageuzi na waumini wa makanisa mbalimbali ya Migori na Homa Bay.)



Mlinitaka nizungumzie haki ya mwananchi katika sanaa ya umma, yaani sanamu, michoro ya kutani, bendera na nembo, vitu ambavyo hutazamwa na kila mtu lakini hutungwa na wachache. Mzee mmoja aliniuliza mlangoni, tena kwa upole, iwapo wakili amekosa kesi hata aje kuzungumza habari za rangi, ilhali barabara ni mbovu na zahanati hazina dawa. Swali lake ni la haki, nami nitalijibu kabla sijaketi. Lakini niruhusuni nianze na mama yangu.

Mama hakujua kusoma. Tarehe 29 Desemba 1992, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, nilimwona akiondoka alfajiri kwenda kupiga kura. Aliporudi jioni nilimwuliza alilitambuaje jina la mtu wake kwenye karatasi. Akaniambia, "Sikutafuta jina, mwanangu. Nilitafuta picha." Nilipomwuliza ni picha gani, alicheka, akasema kwamba siku hizi kura ni siri.

Kwa jibu hilo fupi mama alinifundisha mambo mawili ambayo chuo kikuu kilinifundisha baadaye kwa miaka mingi na kwa karo kubwa. La kwanza, alama ni maandishi ya mtu aliyenyimwa maandishi. La pili, alama ina maana kwa mwananchi pale tu anapokuwa huru kuisoma kwa macho yake mwenyewe.

Watu waliogeuzwa alama

Miaka minne kabla ya siku ile, siri hiyo haikuwapo. Katika uteuzi wa KANU wa mwaka 1988, wapiga kura waliamriwa kupanga foleni nyuma ya mgombea, wakala wake au picha yake. Tuliuita mlolongo. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya waliopanga foleni alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, wala wananchi hawakuulizwa tena kwa kura ya siri. Fikirini jambo hilo. Watu wenyewe, kwa miili yao, waligeuzwa kuwa alama iliyo wazi kuliko zote. Hata mtoto angeweza kuisoma. Na bado, katika sehemu nyingi za nchi hii, foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu, na foleni ndefu ikaambiwa iende nyumbani.

Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu aliyeiamuru alama ile ndiye pia aliyejipa mamlaka ya kuisoma. Wananchi walikuwa mawe ya ujenzi, hawakuwa wajenzi.

Mwaka huo huo ulisimamishwa mnara jijini Nairobi wa kuadhimisha miaka 10 ya utawala wa Nyayo. Hadi leo unaonyesha mkono ulioshika rungu ukichomoza katika kilele cha Mlima Kenya. Mwaka uliofuata, 1989, ukaja mpango wa kujenga katika Bustani ya Uhuru jumba la orofa 60, pamoja na sanamu kubwa ya Rais. Profesa Wangari Maathai aliandika barua za kupinga, akatukanwa bungeni, lakini mpango ukafa. Hakupinga sanaa. Alipinga uwanja wa watu wote kufanywa ukuta wa kuning'inizia picha ya mtu mmoja.

Sasa tazameni upande wa pili. Chama tawala kilikuwa na salamu ya kidole kimoja. Mwaka 1990, baada ya wachungaji kama Timothy Njoya na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini kuthubutu kusema hadharani kwamba mfumo wa chama kimoja umepitwa na wakati, watu wakaanza kuinua vidole viwili. Nani alichora alama ile? Ni kamati gani iliyoketi? Ni msanii gani aliyelipwa? Hakuna. Ilipita sokoni, kwenye matatu na milangoni pa makanisa, mkono kwa mkono, bila idhini na bila gharama. Wahenga walikwisha kusema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Wananchi walikitafuta cha pili wao wenyewe. Desemba 1991 kifungu cha 2A, kilichokuwa kimeifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria tangu 1982, kikafutwa.

Wala tusijisifu kupita kiasi. Kabla ya mwaka 1992 kwisha, alama iliyotungwa na wengi ilikuwa imegombaniwa na wachache. FORD ikapasuka, na KANU ikaurudia urais kwa takriban asilimia 36 tu ya kura. Somo ni kwamba haitoshi wananchi kutunga alama. Lazima pia waiwekee utaratibu wa kuitunza, la sivyo mwenye nguvu ataibeba aende nayo kwake.

Mashahidi wawili wa nyumbani

Wako wanaodhani kwamba kuwashirikisha wananchi katika sanaa ni jambo la kigeni lililoletwa na wafadhili. Mimi ni wakili, na wakili haendi mahakamani bila mashahidi. Ninao wawili, na wote ni wa huku kwetu.

Shahidi wa kwanza ni Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Ni ngome ya mawe inayodhaniwa kujengwa katika karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha kuanzia mita 1.5 hadi zaidi ya mita 4 mahali pengine, na hazina saruji wala udongo wa kuzigandamanisha. Jiwe linalishika jiwe. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu mmoja wala na ukoo mmoja. Zaidi ya hayo, wataalamu wanatueleza kwamba ngome ile ilikaliwa na jamii mbalimbali, za lugha mbalimbali, kwa zamu. Waliofika baadaye hawakubomoa wakaanza upya ili wasifiwe. Walitengeneza palipoanguka, wakaendelea. Mwaka 2018 UNESCO iliiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tafuteni jina la mjenzi juu ya kuta zile. Hamtaliona. Mtaona ndani, juu ya mwamba, vishimo vya mchezo wa ajua, ambao hauchezwi na mtu mmoja.

Shahidi wa pili yuko Homa Bay, katika kisiwa cha Mfangano. Kwenye miamba ya Mawanga na Kwitone kuna michoro ya duara ndani ya duara, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Wataalamu huihusisha na Watwa, wawindaji waliokaa huko kabla ya Abasuba. Abasuba walipofika hawakuifuta kwa kuwa si yao. Waliiheshimu, wakaihusisha na ibada za kuomba mvua. Katika wakati wetu, jamii yenyewe ilianzisha Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, ili michoro hiyo itunzwe na wale wanaoishi kando yake. Alama ya watu wengine ikawa amana ya majirani zao. Hapo pana hekima kubwa kuliko sheria nyingi nilizozisoma.

Sheria inasema nini

Hata hivyo, sheria tuitazame, kwa kuwa ilipatikana kwa machozi.

Zamani, mwananchi aliyetaka kukusanya watu wachore ukuta alikuwa na hofu mbili: leseni ya mkutano na kosa la uchochezi. Tunakumbuka Kamiriithu, Limuru. Mwaka 1977 wanakijiji walitunga na kuigiza mchezo wao kwa lugha yao pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Leseni ikafutwa, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, na mwaka 1982 jukwaa walilojijengea likabomolewa. Ni mageuzi ya mwaka 1997 yaliyofuta makosa ya uchochezi katika Kanuni ya Adhabu na kuondoa leseni ya mikutano. Tangu hapo sheria inadai taarifa tu kwa mkuu wa kituo cha polisi, isiyopungua siku 3 wala kuzidi siku 14 kabla ya mkutano. Taarifa si ombi. Msipige magoti mnapoipeleka.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 10 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Na kifungu cha 231 kinakataza noti na sarafu kubeba sura ya mtu binafsi. Wakenya walichoka kuitazama sura ya mtawala kila walipotoa shilingi ya kununua chumvi.

Lakini ninalotaka mwende nalo nyumbani ni Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 4. Kinaitaka kila kaunti iweke kwa sheria alama zake: bendera, nembo na muhuri. Tena kinasema kwamba kamati tendaji ya kaunti itazibuni alama hizo kwa njia ya mashauriano, ndipo zipelekwe katika bunge la kaunti. Neno hilo "mashauriano" halikuwekwa pale kwa urembo. Nawauliza, ninyi wa Migori na ninyi wa Homa Bay: wangapi kati yenu wanaweza kuniambia sasa hivi kilichomo katika nembo ya kaunti yao na sababu ya kila kilichomo? Mkuria wa Kehancha anajiona ndani yake? Msuba wa Mfangano je? Mvuvi wa Muhuru Bay? Mama anayeanika omena Mbita? Simshtaki mtu. Nasema kwamba swali hilo ni haki yenu kuliuliza, na kifungu cha 35 cha Katiba kinakupeni haki ya kupewa habari. Chini ya sheria ya 2016 inayokitekeleza, ofisi ya umma hutakiwa kujibu ndani ya siku 21.

Ukuta wa chungu

Sasa niwape ushuhuda wangu mwenyewe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya Wakenya 1,100 walipoteza maisha. Alama zilichangia pia. Katika kura ya maoni ya Novemba 2005 tume ya uchaguzi ilitugawia matunda mawili, ndizi na chungwa, na kabla ya miaka miwili kwisha tunda lilitosha kumtambulisha mtu kuwa rafiki au adui. Mwaka 2008, waumini wa makanisa kadhaa katika mji mmoja wa huku kwetu walikusudia kuchora ukuta wa amani kando ya soko. Nilikuwa wakili kijana. Waliniomba niwaandikie makubaliano na mwenye ukuta. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Ilichukua Jumamosi tano.

Jumamosi ya kwanza katekista alipendekeza njiwa. Mama mmoja muuza nafaka akasema kwamba njiwa anamjua kama mwizi wa mtama wake. Kijana mmoja akapendekeza mikono miwili iliyoshikana. Wenzake wakakataa, wakasema wakubwa walikwisha kupeana mikono Nairobi tarehe 28 Februari na kupigwa picha za kutosha. Mwalimu akapendekeza ramani ya Kenya. Hapo akasimama mwenye duka mmoja, mtu aliyekuja kwetu kutoka mkoa mwingine, ambaye duka lake lilikuwa limevunjwa Januari ile. Akasema kwa sauti ya chini, "Ramani hiyo ilikuwa imetundikwa dukani kwangu siku waliyoingia." Tukaenda nyumbani kimya.

Jumamosi ya pili bibi mmoja alipendekeza mafiga matatu, kwa kuwa ukiondoa moja chungu humwagika. Wote wakafurahi, na fundi wa rangi akatoa kalamu. Lakini mzee mmoja akapinga. Alisema mafiga yasiyo na chungu ni dalili ya boma lililohamwa, na sisi tulikuwa na maboma kama hayo ya kutosha mwaka ule. Hakuna msanii wa mbali ambaye angelijua jambo hilo. Angetuchorea mauti sokoni, akalipwa, akaenda zake.

Basi chungu kikawekwa juu. Hapo ukazuka ugomvi mpya: chungu cha nani? Kila jamii ina umbo lake na nakshi zake. Jumamosi mbili zikaishia hapo. Mwisho tukakubaliana kwamba fundi atachora umbo tu, na chungu kitazungushwa mikanda ya nakshi, kila kundi litie mkanda wake kwa mikono yake. Wajaluo walitia wao, Wakuria wao, Wasuba wao, waendesha boda boda wao, wauza samaki wao. Mwenye duka aliachiwa mkanda wa juu kabisa, karibu na mdomo wa chungu. Alikawia sana kuumaliza. Alikuwa hajui kuchora, nasi hatukumharakisha.

Uchaguzi wa 2013 ulipofika, kila ukuta wa soko lile ulibandikwa mabango ya wagombea, moja juu ya jingine. Ule haukubandikwa. Hapakuwa na askari wala ilani ya kukataza.

Linganisheni na ukuta mwingine niliouona baadaye, katika mji nitakaousitiri. Ofisi moja ilimleta fundi kutoka mbali, wauza omena wakafukuzwa siku tatu ili wasichafue kazi, na mchoro ukazinduliwa kwa mbwembwe. Kabla mwaka haujaisha ulikuwa umefunikwa na mabango na matangazo ya waganga. Nilipomwuliza mama mmoja kwa nini hawakuulinda, alinijibu kwa swali: "Wakili, ungemlinda mgeni aliyekufukuza kwako?"

Jibu kwa mzee

Sasa nalijibu swali la mlangoni. Mzee wangu, asiyeulizwa juu ya picha ya ukutani hataulizwa juu ya dawa za zahanati, kwa maana anayekupuuza katika dogo hana sababu ya kukuheshimu katika kubwa. Na waliokwisha kukubaliana juu ya chungu hujua njia ya kukubaliana juu ya bajeti. Watu wa ule ukuta waliendelea kukutana Jumamosi. Ndio walioandika barua kuuliza fedha za kisima zilikokwenda. Barua ya kwanza haikujibiwa, wala ya pili. Ya tatu ilijibiwa, kwa kuwa waliipeleka wote pamoja, mkanda kwa mkanda.

Kwa hiyo naomba tutoke hapa na maazimio haya. Kwanza, kila kundi liandike barua kwa kaunti yake kuuliza alama za kaunti zilipatikana kwa mashauriano gani, na kumbukumbu zake ziko wapi. Pili, sanamu wala mchoro wowote wa umma usikubaliwe kabla wakazi wa mahali hapo hawajaketi, wakiwemo wanawake, vijana na wageni wanaoishi nasi. Na anayepinga asikilizwe hadi mwisho, kwa kuwa mara nyingi ndiye anayeiona ile boma iliyohamwa. Tatu, tusitumie alama za kale za jamii yoyote bila ridhaa yake. Ipo sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inatulinda sisi, na inawalinda wengine dhidi yetu. Nne, makubaliano na mwenye ukuta yawe ya maandishi, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tano, kuta za umma tusizipambe kwa sura za wanasiasa walio hai. Wakifanya mema, watoto wetu watawachora.

Ninyi waumini mnaijua habari ya Yoshua na mto Yordani. Hakuamuru achongewe sanamu yake. Alichagua watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, kila mmoja abebe jiwe lake begani kutoka katikati ya mto, ili watoto watakapouliza maana ya mawe yale, kila kabila liwe na la kujibu.

Siku moja mtoto atakushika mkono sokoni Migori, au ufuoni Homa Bay, akuulize, "Baba, mchoro huu maana yake nini?" Ukimjibu, "Sijui, waulize wakubwa," umemfundisha utumwa. Ukimjibu, "Mkanda ule wa tatu niliuchora mimi, na wa juu yake aliuchora jirani yetu," umemfundisha Katiba.